Nyumba ya Wamazrui na Wasimulizi Wake Wawili

Jioni moja kijana wa jirani yangu hapa Kiwalani alinijia, akaniamkia, akaketi, kisha akanihadithia kwa shauku kubwa habari za riwaya za George R. R. Martin, ambazo ya kwanza yao ilitoka mwaka 1996. Ni habari za nchi isiyopata kuwako duniani, na za jamaa kubwa zilizokwea katika nchi hiyo hata zikashika enzi, kisha zikaporomoka. Alipokwisha kunieleza mambo ya majoka, sumu na arusi zilizogeuka matanga, aliniuliza: "Mwalimu, sisi kwetu hatukupata kuwa na nyumba kubwa kama hizo?"

Swali lile lilikuwa jema kuliko alivyodhani mwulizaji, na makala haya ni jibu lake. Jibu la kwanza ni fupi: nyumba hizo tulikuwa nazo, wala hazikuhitaji majoka. Jibu la pili ni refu, nalo ndilo liwahusulo wasomaji wa jarida hili. Nyumba iliyoanguka haitufikii yenyewe. Hutufikia kwa kinywa cha msimulizi. Yafaa basi tumpime msimulizi kabla ya kuipima nyumba. Nimeichagua nyumba ya Wamazrui wa Mombasa, kwa kuwa ilipata wasimulizi wawili wasiofanana hata kidogo: mmoja mwanachuoni wa ukoo huo huo, na mmoja mshairi wa mji.

Kwanza tukumbuke habari yenyewe kwa ufupi. Waarabu wa Omani waliitwaa Ngome ya Mombasa mkononi mwa Wareno mwaka 1698, baada ya kuizingira tangu 1696. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 18 maimamu wa Kiyaarubi walimweka Muhammad bin Uthman al-Mazrui kuwa liwali wa mji. Ahmad bin Said wa ukoo wa Busaidi alipojitwalia uimamu wa Omani, Muhammad alikataa kumtii. Hoja yake, kama ilivyopokewa, ilikuwa kwamba Ahmad alikuwa liwali wa Sohar na yeye alikuwa liwali wa Mombasa: liwali mmoja ana haki gani ya kumwamuru mwenziwe? Kwa neno hilo aliuawa na watu waliotumwa kutoka Omani. Lakini ndugu yake Ali bin Uthman alitoroka, akaungwa mkono na wenyeji, akairudia Ngome na kuishika. Tangu siku hiyo Wamazrui hawakuwa tena watumishi wa mtu. Walikuwa watawala kwa ridhaa ya mji.

Enzi yao ilienea pwani, na kisiwa cha Pemba kikawa ghala lao la mchele. Walakini mnamo mwaka 1812 walishirikiana na watu wa Pate kwenda kuitiisha Lamu, wakashindwa vibaya pale Shela. Mapokeo husema kwamba maji yalikupwa, vyombo vikakwama mchangani, na wapiganaji wakakosa njia ya kurudi. Watu wa Lamu, kwa kuhofu kisasi, walimwomba Sayyid Said bin Sultan awe mlinzi wao. Mlango wa pwani ukamfungukia. Mnamo 1823 Pemba iliwatoka Wamazrui. Mwaka 1824 walimwomba Kapteni Owen wa Uingereza awape hifadhi ya bendera yake, naye akawapa; lakini serikali yake haikuikubali ahadi hiyo, na mwaka 1826 bendera ikateremshwa. Tangu 1828 Sayyid Said aliushambulia mji zaidi ya mara moja. Hatimaye aliupata mwaka 1837, wala si kwa nguvu ya mizinga: wenyewe kwa wenyewe walikuwa wakigombea uliwali. Wakuu wa ukoo, watu wapatao 25, walikamatwa baada ya amani kufanywa, wakapelekwa Bandar Abbas, wasirudi tena.

Msimulizi wetu wa kwanza ni Shaykh al-Amin bin Ali al-Mazrui, aliyezaliwa 1891 na kufariki 1947, na ambaye tangu 1937 alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Tarikhi yake ya ukoo wa Mazrui aliiandika kwa Kiarabu. Ilikaa mswada miaka mingi baada ya kufa kwake, hata ikapigwa chapa mwaka 1995 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya J. McL. Ritchie. Sifa ya kwanza ya kitabu hicho ni uaminifu. Mtu aandikapo habari za babu zake hushawishika kuwapaka mafuta; Shaykh al-Amin anawapenda wazee wake, walakini hafichi kwamba waligombana. Msomaji aonaye jinsi alipofariki liwali Abdallah bin Ahmad, mwaka 1823, wana wa ukoo wasiweze kukubaliana hata wakamweka mzee Suleiman bin Ali ili kuahirisha ugomvi, na jinsi Salim bin Ahmad alivyomwondoa baadaye, huona kwamba nyufa zilikuwamo ukutani kabla ya tufani.

Hata hivyo kitabu kina upungufu, nao unatokana na mpango wake. Mwandishi hupanga habari kwa kufuata maliwali, mmoja baada ya mmoja, kama shanga katika uzi. Mpango huo humfaa msomaji atafutaye nasaba. Lakini humfanya aamini kwamba mambo yote yalianzia Ngomeni na kuishia Ngomeni. Mji wa Mombasa ulikuwa na Thenashara Taifa, yaani mataifa tisa na mataifa matatu, kila moja na wazee wake. Na bara ya mji walikuwako Wamijikenda, ambao urafiki wao ulikuwa ngao ya mji. Ali bin Uthman hakuirudia Ngome peke yake, na Rashid bin Salim hakuipoteza peke yake. Mnamo 1836 walikuwako wakuu wa mji, hasa wa Thelatha Taifa, walioona afadhali kwenda kwa Sayyid Said kuliko kuendelea na ugomvi wa ndugu. Kwa nini walichoka? Swali hilo halijibiwi kwa orodha ya maliwali.

Jambo la pili ni lugha. Shaykh al-Amin hakuwa mtu asiyeweza kuandika Kiswahili. Gazeti lake Sahifa la 1930, na Al-Islah la 1932, ni ushahidi kwamba alikitumia kuwanasihi watu wake. Lakini habari ya ukoo aliiweka katika Kiarabu. Nadhani aliona kwamba tarikhi ni elimu, na elimu ina lugha yake. Simlaumu, maana hiyo ilikuwa ada ya wanachuoni wa zama zake. Lakini matokeo ni kwamba habari ya mji wa Waswahili imemfikia msomaji wa leo kwa Kiarabu na Kiingereza, na Mswahili asiyezijua lugha hizo mbili amebaki mlangoni.

Msimulizi wa pili ni Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa tangu mwisho wa karne ya 18 hata mnamo 1840. Aliwaona Wamazrui katika fahari yao, akawa rafiki wa maliwali, na akaishi kuuona mwisho wao. Muyaka hakukusudia kuandika tarikhi. Alitunga mashairi ya beti za mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na sita, na kila shairi lilikuwa na siku yake na mtu wake: hili la kumjibu mshairi wa Lamu, hili la kumtahayarisha adui, hili la kumwonya rafiki. Ndiyo maana nasema kwamba hutupa kile ambacho Shaykh hakuweza kutupa. Mwanahistoria anajua mwisho wa kisa tangu ukurasa wa kwanza, mshairi hakuujua. Alipojigamba kwa ajili ya mji wake aliamini majigambo yake, na tukisoma leo, huku tukijua kwamba Bandar Abbas inawangoja, majigambo yale hutuingia moyoni kwa uchungu ambao hakuna tarikhi iwezayo kuutia.

Lakini Muyaka naye ana ugumu wake. Sanaa yake ni fumbo, na fumbo humhitaji mtu aijuaye siku lilipotungwa. Mashairi yale yalikaa vichwani mwa watu muda wa miaka mingi, hata Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa alipoyakusanya pamoja na W. E. Taylor katika karne ya 19; kisha William Hichens akayachapisha mwaka 1940, na M. H. Abdulaziz akayachunguza upya mwaka 1979. Bila maelezo ya Mwalimu Sikujua tungekuwa na maneno matamu yasiyo na mwenyewe. Hapa nina lawama, nayo ni juu yetu walimu. Aghalabu twalichukua shairi la Muyaka, twalitenga na siku yake, twaliweka katika kitabu cha darasa kama mfano wa vina au wa methali. Mwanafunzi hutoka akijua kwamba Muyaka alikuwa fundi wa maneno, asijue kwamba maneno yale yalikuwa silaha ya mji uliokuwa ukizingirwa.

Na hapa ndipo habari ya nyumba iliyoanguka inapoungana na habari ya lugha. Muyaka alitunga kwa Kimvita. Kamusi kubwa ya Krapf, iliyotoka mwaka 1882, ilikiegemea Kimvita pia. Lakini mwaka 1928 mkutano uliokaa katika mji huo huo wa Mombasa ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanzishwa 1930 ikafanya kazi juu ya msingi huo. Sisemi kwamba uchaguzi ulikuwa mbaya. Mimi mwenyewe nafundisha na kuandika kwa lugha hiyo. Nasema tu kwamba Kiunguja kilienea mbali kwa sababu Unguja ulikuwa mji mkuu wa Sayyid Said na mwanzo wa njia za misafara iliyokwenda bara. Ushindi wa 1837 ulikuwa na mkono wake katika uchaguzi wa 1928. Aliyeshindwa Ngomeni alishindwa na kamusini.

Hasara yake huonekana katika vina. Mtu wa Mvita husema "nti" tusemapo "nchi", na "mato" tusemapo "macho". Akitunga, "mato" litafungamana na "kito" na "mfuto", na "nti" litafungamana na "kiti" na "sauti". Mhariri apendaye usanifu akiandika "macho" na "nchi", kina kimevunjika, na msomaji atadhani kwamba mtunzi hakujua kazi yake. Nimeuona usahihishaji wa namna hiyo katika madaftari ya wanafunzi, na hata katika karatasi za walimu. Ni sawa na kukarabati Ngome kwa kuziba madirisha yake. Kwamba Kimvita ni hai na chaweza kubeba uzito wa mambo ya leo, Abdilatif Abdalla amekwisha kuthibitisha katika Sauti ya Dhiki ya mwaka 1973.

Hukumu yangu basi ni hii. Tarikhi ya Shaykh al-Amin isisomwe peke yake, maana itatufundisha kwamba nyumba kubwa huinuka na kuanguka kwa matendo ya wakubwa tu. Na hilo ndilo kosa la riwaya nyingi za falme za kubuni, ambamo mji ni pazia nyuma ya viti vya enzi. Mashairi ya Muyaka nayo yasisomwe peke yake, maana yatatupa sauti bila tukio. Visomwe pamoja, vyote viwili kwa Kiswahili. Tafsiri kamili ya tarikhi ile kwa Kiswahili, yenye mashairi ya Muyaka yaliyopangwa pembeni kwa kufuata miaka, na yaliyoachwa katika Kimvita chao, ni kazi istahiliyo nguvu za chuo kizima.

Wala habari hii si ya Kenya pekee. Mbaruk bin Rashid wa Gasi, Mmazrui wa mwisho aliyepigana kwa silaha, alishindwa na Waingereza, akavuka mpaka mwaka 1896 kujitoa kwa Wadachi, akaja kukaa Dar es Salaam, akafia hapa.

Nilimweleza hayo kijana wangu, nikamwazima kitabu cha Muyaka. Baada ya juma moja alirudi. Alikuwa amekisoma kwa bidii, na ametia alama kwa kalamu ya risasi chini ya maneno kadhaa. Swali lake la pili lilikuwa hili: "Mwalimu, hapa pameandikwa 'nti'. Je, ni kosa la chapa?"