Pointi 49 za Mbeya City: zilikopatikana na zilikokwama

Mwaka 2013 timu tatu zilipanda pamoja kuingia Ligi Kuu Tanzania Bara: Ashanti United ya Dar es Salaam, Rhino Rangers ya Tabora na Mbeya City. Msimu ulipofungwa Aprili 2014, Ashanti na Rhino zilikuwa zimesharudi zilikotoka, zikiongozana na JKT Oljoro ya Arusha. Mbeya City ilikuwa ya tatu. Azam walibeba ubingwa kwa pointi 62 bila kupoteza mchezo, Yanga wakamaliza na 56, Mbeya City 49, na Simba wa nne kwa 38. Timu ya Halmashauri ya Jiji la Mbeya, iliyoanzishwa 2011, isiyo na mchezaji hata mmoja wa kigeni, iliiacha Simba kwa pointi 11.

Hadi leo ukiuliza watu wa Mwanjelwa au Soweto siri ya msimu ule, utajibiwa kwa haraka: baridi ya Mbeya, mwinuko wa Mbeya, na nyomi la uwanja wa Sokoine. Sokoine iko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na timu iliyotoka Chamazi au Jangwani, Dar es Salaam, ikifika pale hewa inakuwa nyepesi kifuani. Hayo ni kweli. Lakini hesabu za msimu wenyewe hazikubali kwamba hiyo ndiyo sababu.

Tuanze na mechi dhidi ya vigogo watatu. Mzunguko wa kwanza Mbeya City ilitoka 1-1 na Yanga pale Sokoine, ikaenda Dar es Salaam ikatoka 2-2 na Simba, halafu ikafunga mzunguko kwa 3-3 na Azam kule Chamazi. Mzunguko wa pili ilifungwa 1-0 na Yanga Dar es Salaam, ikatoka 1-1 na Simba nyumbani, ikafungwa 2-1 na Azam nyumbani. Jumla ni mechi sita, sare nne na vichapo viwili. Nyumbani ilivuna pointi mbili, ugenini mbili. Kama baridi na mwinuko ndiyo vilikuwa silaha, basi dhidi ya wakubwa silaha hiyo haikutoa hata pointi moja ya ziada. Mbeya City haikumfunga kigogo yeyote msimu mzima, wala Sokoine wala Dar.

Sasa toa pointi hizo nne kwenye 49. Zinabaki 45, zilizotoka kwenye mechi 20 dhidi ya timu kumi zilizobaki: ushindi mara 13, sare sita, na kichapo kimoja tu, kile cha Coastal Union kule Tanga. Pointi 45 kati ya 60. Hapo ndipo nafasi ya tatu ilipojengwa. Ilijengwa kwenye zile mechi za katikati ya wiki ambazo magazeti huziandika kwa aya mbili: Kagera Sugar, Ruvu Shooting, Mgambo, JKT Ruvu, Mtibwa, na ndugu zao wa pale pale jijini, Prisons. Timu changa kwa kawaida hufanya kinyume chake. Hujitoa mhanga siku ya Simba na Yanga, halafu Jumatano inayofuata inapoteza kwa timu ya saizi yake kwa sababu imechoka, au kwa sababu posho ya mechi kubwa imeshaliwa na ya mechi ndogo haijulikani itatoka wapi.

Kwa nini hawa hawakuteleza? Nina majibu mawili, na la kwanza linahusu fedha. Halmashauri ndiyo iliyokuwa mwenye timu, na ndiyo iliyobeba mishahara na kambi. Klabu nyingi za mikoani huendeshwa na mfanyabiashara mmoja au na kamati inayopitisha bakuli. Mchezaji wa klabu ya namna hiyo anacheza akiwaza kodi ya nyumba. Mbeya kwenda Dar ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara: Makambako, Mafinga, Iringa, kushuka Kitonga, Mikumi, Morogoro. Ukisafiri siku nzima kwa basi, ukalala pabaya na kula vibaya, mechi imeisha kabla ya filimbi. Timu yenye bajeti inasafiri mapema na inalala. Hapo hakuna uchawi wowote, lakini katika ligi yetu ya miaka ile jambo hilo peke yake lilikuwa linatosha kuipa timu pointi nyingi.

Jibu la pili ni kocha Juma Mwambusi na kikosi chake. Sehemu kubwa ya wachezaji walioivusha timu kutoka Daraja la Kwanza ndiyo waliocheza Ligi Kuu. Mlinda mlango David Burhani, Hassan Mwasapili beki ya kushoto, Yohana Morris na Deogratius Julius nyuma, Antony Matogolo na Steven Mazanda katikati, Deus Kaseke pembeni, Paul Nonga na Mwagane Yeya mbele. Vijana waliokuwa wamezoeana kiasi kwamba mmoja akitoka kwenye nafasi yake kwenda kukaba, wa nyuma yake ameshaziba. Mwambusi hakuwataka wamiliki mpira kwa ajili ya kuupamba mchezo. Aliwataka wakabe wote, wapore, na mpira uende mbele mara moja, hasa kwa Kaseke, ambaye akipata uwazi pembeni alikuwa anakimbia na mpira kwa kasi ileile anayokimbia bila mpira. Timu ya namna hiyo haihitaji fundi wa gharama kubwa, inahitaji mapafu na kuelewana.

Mchezo wa Chamazi, Novemba 7, 2013, ndio unaoonyesha jambo hili kwa karibu zaidi. Ilikuwa siku ya mwisho ya mzunguko wa kwanza, na timu zote mbili zilikuwa hazijapoteza mchezo. Azam walikuwa na Kipre Tchetche na John Bocco, uwanja wao wenyewe, na kikosi kilichogharimu fedha ambazo Mbeya hawakuwahi kuziona. Mwagane Yeya akafunga mabao matatu. Mshambuliaji akipiga matatu ugenini kwa timu itakayokuja kuwa bingwa bila kufungwa, usimtazame yeye peke yake. Uliza mipira ile ilitokea wapi. Ilitokea kwa timu ambayo haikurudi nyuma kujaza wachezaji kwenye boksi hata ilipokuwa ugenini kwa mkubwa. Walioingia Chamazi siku ile walikuja kutafuta mabao. Baada ya mchezo huo kocha wa Azam, Stewart Hall, aliachana na timu.

Mzunguko wa kwanza ukafungwa hivi: Yanga 28, Azam 27, Mbeya City 27, Simba 24. Mbeya City ilikuwa imeshinda saba, sare sita, haijapoteza. Kwa siku chache za Novemba ile, kuota ubingwa Mbeya haikuwa kujidanganya.

Kilichofuata ndicho ninachotaka wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini wakitazame kwa makini, kwa sababu hakikutokea uwanjani. Dirisha dogo la usajili likafunguliwa. Azam wakamchukua Joseph Omog kutoka Cameroon. Simba wakamwondoa Abdallah Kibadeni wakamleta Zdravko Logarusic. Yanga walifungwa 3-1 na Simba kwenye mechi ya Nani Mtani Jembe, wakamtimua Ernie Brandts, na Hans van der Pluijm akaingia. Yanga hao hao walikuwa wamemsajili Juma Kaseja golini, na wakamwongeza Emmanuel Okwi. Ndani ya wiki chache vigogo wote watatu walikuwa wamebadilisha kichwa, na baadhi yao wameongeza miguu. Mbeya City ilibaki na kocha wake, jambo jema kabisa, lakini pia ilibaki na mbinu zake zilezile na watu walewale, ambao sasa kila mpinzani alikuwa na nusu msimu wa kuwasoma.

Matokeo yanaonekana kwenye mabao. Katika mechi tatu za kwanza dhidi ya Azam, Yanga na Simba, Mbeya City ilifunga sita. Katika tatu za marudiano ilifunga mawili. Wapinzani waliacha kupanda na mabeki wote wa pembeni, wakaifunga njia ya Kaseke, na ile kasi ikakosa pa kupita. Kwa jumla mzunguko wa pili uliipa timu pointi 22: ushindi sita, sare nne, vichapo vitatu. Timu ya katikati ya msimamo ingezifurahia. Kwa timu iliyokuwa pointi moja nyuma ya kinara, zilimaanisha kuachwa.

Naongeza sababu moja ambayo sijaona ikipewa uzito: mvua. Mzunguko wa kwanza ulichezwa Agosti hadi mwanzoni mwa Novemba, wakati Mbeya ni kavu na uwanja ni mgumu, mpira unateleza. Mzunguko wa pili ulianza Januari, katikati ya masika ya Mbeya ambayo huanza mwishoni mwa mwaka na kwenda hadi Aprili au Mei. Sokoine ikilowa inakuwa nzito. Timu inayoishi kwa kupora na kukimbia ndiyo ya kwanza kuumia kwenye uwanja mzito. Haya ni maoni yangu, lakini kocha yeyote atakayeifundisha timu ya Mbeya anapaswa kuwa na mpango wa pili kwa ajili ya Februari.

Aprili 13, 2014, Azam wakaja Sokoine wakihitaji ushindi ili wamalize kazi. Gaudence Mwaikimba akawatanguliza, Yeya yuleyule akasawazisha, Bocco akapiga la pili, na ubingwa wa kwanza wa Azam ukapatikana mbele ya mashabiki wa Mbeya. Nafasi ya tatu haikuwa na tiketi ya mashindano ya CAF. Msimu uliofuata Mbeya City ilimaliza ya nne kwa pointi 34, kumi na tano pungufu. Mwaka 2015 Kaseke akaenda Yanga, na baadaye mwaka huohuo Mwambusi naye akaenda hukohuko kuwa msaidizi wa Pluijm.

Iringa nao wana somo lao, tena linafanana. Lipuli ya kocha Selemani Matola iliifunga Yanga 2-0 pale uwanja wa Samora kwenye nusu fainali ya Kombe la FA mwaka 2019, ikafika fainali kule Lindi na kufungwa 1-0 na Azam, bao la Obrey Chirwa. Mwaka mmoja baadaye Lipuli ilishuka daraja. Kombe linachukuliwa kwa mechi chache na siku nzuri, ila ligi inadai benchi lenye watu, na benchi linanunuliwa Desemba kama linavyonunuliwa Julai. Poland kuna mfano wa klabu ya jiji iliyolimudu hilo: Piast Gliwice, ambayo manispaa ndiyo mwenye hisa nyingi, iliponea chupuchupu kushuka mwaka 2018, na mwaka uliofuata ikatwaa ubingwa wa nchi mbele ya Legia ya Warszawa. Fedha ya jiji si lazima iwe fedha ya kusindikiza wengine.

Mbeya City ilishuka 2023 baada ya kufungwa na Mashujaa ya Kigoma kwenye mechi za mchujo, na ikarudi Ligi Kuu kwa msimu wa 2025/26. Tangu pointi zile 49, hakuna timu ya Mbeya wala Iringa iliyomaliza ndani ya tatu bora. Kwa madiwani na viongozi wanaopitisha bajeti ya timu, ombi langu ni moja: tengeni fungu la dirisha dogo mapema, kabla ligi haijaanza, na lisiguswe hadi Desemba.