Dakika Ishirini Ambazo Klipu Hukata

Klipu yenyewe unaijua. Kama haijakupata YouTube, basi imekupata kwenye kundi la WhatsApp la familia, imetumwa na yule mjomba anayetuma kila kitu chenye bendera ya Kenya. Nagano, Japani, Februari 1998. Mkenya mwenye ski miguuni na fimbo mikononi anavuka mstari akiwa wa 92, yaani wa mwisho kabisa, na pale mbele amesimama Bjørn Dæhlie wa Norway, mshindi wa mbio hizo za kilomita 10, akimngoja amkumbatie. Piano inaanza. Maoni chini yamejaa machozi.

Sasa angalia saa. Dæhlie alimaliza kwa dakika 27 na sekunde 24.5. Philip Boit alimaliza kwa dakika 47 na sekunde 25.5. Kati yao kuna dakika 20 na sekunde moja, na katika kila klipu niliyotazama dakika hizo zimepita kwa mkato mmoja: huyu kafika, huyu kafika, kumbatio. Mimi nataka kuuhakiki huo mkato. Karibu kila kitu cha maana kiko ndani yake.

Anza na mwili. Boit alikuwa mtu wa mita 800, mbio ambazo zikikuchukua dakika mbili ujue umelala. Mwaka 1996 Nike iliwapeleka Finland yeye na mwenzake Henry Bitok wakajifunze ski za nyika, na Nagano ilikuwa miaka miwili mbele. Watu husema, kwani si ni kukimbia tu juu ya theluji, mapafu si anayo? Mapafu anayo. Lakini mchezo huu unasukumwa na mikono, mabega na tumbo pia, si miguu peke yake, na hakuna kocha wa mita 800 anayemjenga mtu mabega ya kupakia magunia Wakulima Market. Halafu kuna suala la kusimama. Kabla hujafikiria kasi, lazima ujifunze kuweka uzito wako wote juu ya kitu chembamba kinachoteleza, mguu mmoja, ukae hapo, kisha uhamie wa pili.

Siku ile walikimbia kwa mtindo wa klasiki, na hapa nivumilie kidogo. Ski ya klasiki hupakwa nta za aina mbili. Mbele na nyuma ni nta ya kuteleza. Katikati, chini ya kiatu, ni nta ya kushika. Ski yenyewe imejipinda kama upinde, kwa hivyo ukisimama juu ya zote mbili, ile sehemu ya katikati haikandamizwi kwenye theluji na unateleza vizuri. Ukihamishia uzito wote kwenye moja na kuikanyaga, upinde unalala, nta inashika, unajisukuma mbele. Ni sehemu ndogo ya sekunde. Ukichelewa, mguu unachomoka kwenda nyuma kama mtu aliyevaa ndala kwenye matope ya Githurai, na mlima uliokuwa unaupanda unakurudisha ulikotoka. Zidisha hiyo hatua kwa kilomita 10.

Wenye mchezo wao hawajifunzi haya msimu ukishafika. Kwenye vilabu vya ski vya Finland na Norway, mwaka wa mazoezi huanza Mei, wakati theluji inayeyuka. Kiangazi kizima wanachama wako barabarani na ski za magurudumu, wanakwaruza lami na fimbo, magari yanawapita. Wanapanda vilima kwa miguu huku wakirukaruka na fimbo mikononi, mvua ikinyesha, kwenye njia za msituni ambazo ni matope tu. Saa nyingi za mwendo wa pole, ule mwendo wa kuweza kuongea na mwenzako, kwa sababu injini ya mchezo huu hujengwa polepole. Ikifika Oktoba wanaanza kutafuta theluji kama sisi tunavyotafuta stima ikipotea. Mahali kama Vuokatti, huko Finland, theluji ya mwaka uliopita huhifadhiwa chini ya vumbi la mbao kiangazi chote, kisha inatandazwa upya kuwa njia. Hapo hapo Vuokatti kuna handaki la theluji la zaidi ya kilomita moja, lililofunguliwa 1997, ambapo mtu anaweza kuteleza Julai akitaka. Watu huzunguka kijinjia hicho hicho, raundi baada ya raundi, na wengi siku za kwanza hawakimbizi kabisa. Wanaacha hata fimbo pembeni, wanateleza na miguu peke yake ili mwili ukumbuke usawa. Watoto wa huko hufanya hivyo tangu hawajajua kusoma. Boit alikuwa na misimu miwili.

Ukikaribia mashindano kuna kazi ya chumba cha nta, ambayo mimi naona ndiyo yenye drama kuliko zote na hakuna anayeipiga picha. Kipimajoto kinachomekwa kwenye theluji. Jozi mbili zinapakwa nta tofauti, mtu anateleza nazo mteremko ule ule, analinganisha, anarudi, wanakwangua, wanaanza tena. Baridi kavu ina majibu yake, theluji ya zamani iliyosagika ina yake. Balaa ni nyuzi sifuri na theluji imelowa. Nta ya kushika inakataa kushika, au inashika kupita kiasi na kujibebea theluji mpaka unatembea na viatu vya kisigino. Siku ya Boit kule Nagano theluji ilikuwa imelowa. Mtu wa misimu miwili akapewa aina ya theluji inayowatesa hata waliozaliwa nayo. Zile dakika 20 zilikuwa na kazi hiyo ndani: peke yake msituni, wenzake wameshabadilisha nguo, hatua kwa hatua, kushika, kuteleza, kushika.

Kwa nini basi tunaikata?

Nadhani kielelezo kilikuwa tayari. Cool Runnings, ile filamu ya timu ya bobsled ya Jamaika kule Calgary 1988, ilitoka 1993. Sisemi watu wa Nike walikaa wakaitazama kwanza, lakini dunia ilikuwa imeshaitazama, na ilijua la kutarajia mtu mweusi akishika kifaa cha barafu. Mimi ile filamu naipenda, sitadanganya. Lakini angalia inavyoyashughulikia mazoezi: wamejipanga ndani ya beseni la kuogea, mmoja anafungiwa kwenye gari la aiskrimu mpaka nywele zinaganda. Tunacheka, tunasonga. Filamu inawafanya wanariadha walioshindwa kufuzu kwa sababu mmoja alijikwaa akawaangusha wenzake. Timu halisi ilichukua watu kutoka jeshini. Wanajeshi! Watu ambao kazi yao ni kuamshwa alfajiri na kurudia jambo moja mpaka lichoshe. Hilo halikufaa, kwa sababu mtu mwenye nidhamu si rahisi kumcheka.

Linganisha na Kipchoge: The Last Milestone ya 2021. Kambi ya Kaptagat imepigwa kwa upole kama kanisa. Kukimbia kwenye ukungu, chai, maisha ya pamoja, hata kimya kinapewa muda. Sawa kabisa. Ila nimegundua kitu. Mshindi akisimuliwa, mazoezi yake yanaonyeshwa kwa sababu ndiyo yanayoeleza ushindi. Wa mwisho akisimuliwa, mazoezi yanakatwa kwa sababu yangeharibu utamu. Ukionyesha miaka miwili ya Boit kwa makini, kumbatio halitakuwa tena la mkubwa kumfariji mgeni aliyepotea njia. Litakuwa la wafanyakazi wawili wa kazi moja, na mmoja ameianza juzi.

Na ninavyomsoma Dæhlie, yeye alilielewa hivyo. Aliganda pale kwenye baridi, sherehe ya medali ikangoja, na haiwezekani bingwa kama yeye hakujua kwa mwili wake kile kilichokuwa kikiendelea msituni. Boit naye akampa mwanawe jina la Dæhlie. Sina ugomvi na wao. Ugomvi wangu ni na mhariri.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, kwa hivyo nimezoea kusimuliwa kwa neno moja. Miaka miwili na kitu ya madaftari, mikopo na mabasi ya saa kumi na moja inakuwa "aliacha". Labda ndiyo maana nina upendeleo hapa. Uzito wa hoja upime mwenyewe.

Lakini kuna ukweli ambao hata klipu haiwezi kuuficha ukitafuta kidogo: Boit alirudi. Salt Lake City 2002, Turin 2006. Mtu aliyekwenda kuchekesha haendi mara tatu. Hakuna anayevumilia kiangazi cha lami na Oktoba za raundi zile zile kwa miaka minane kwa ajili ya kumbatio alilokwishapata.

Nikipewa kamera na bajeti, hata ya kuomba, ningeanza Finland mwezi wa kumi. Mvua nyembamba, barabara tupu, ski za magurudumu zinakwaruza, na kocha anasema neno ambalo mtu wa mita 800 bado halielewi, kwa hivyo anamwonyesha kwa mkono: uzito, hapa, sasa. Nusu saa ya hiyo. Halafu chumba cha nta. Halafu zile dakika 20, zote, bila kukata. Kumbatio lije mwisho kabisa, na piano mnaweza kuiacha nyumbani.