Uanagenzi wa Msitu

Elimu ya msitu, ingawa imeandikwa vitabuni kwa wingi na kwa ustadi, haimkai mtu sawasawa mpaka ipite mikononi mwake; kwa maana udongo haumfunulii siri zake asiyeinama kuushika, na aliyehifadhi majina ya mimea yote kwa moyo, bila ya kuulea hata mmoja, amepata nusu ya elimu na kuikosa nusu iliyo bora.

Sijui mahali panapofaa zaidi kwa uanagenzi wa namna hii kuliko Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki, ambako mvua itokayo Bahari ya Hindi hulisha msitu wenye mimea na viumbe visivyopatikana penginepo duniani. Hapo Wadachi waliweka, mwaka 1902, taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo, wakaleta miti kutoka pande nyingi za dunia ili kuijaribu. Mwanagenzi apitaye katika bustani yao husoma ibra kubwa: miongoni mwa miti migeni, Maesopsis, wenye asili ya misitu ya maziwa makuu, ulikua kwa kasi, hondohondo wakayapenda matunda yake, wakazitawanya mbegu kila penye mwanya, hata mgeni akawa mwenyeji msituni. Tangu hapo, kabla ya kupanda mti, mwanagenzi huuliza nani atakula tunda lake, na mbegu ataipeleka wapi.

Walakini mwalimu mkali kuliko wote ni msambu, mti wa milima ya Tanzania ambao mbegu zake hutoa mafuta ya kupikia. Mbegu hiyo, ikiatikwa, huweza kukaa ardhini hata kupita mwaka mzima kabla ya kuchipua. Na kwa kuwa miti yake mingine ni dume na mingine jike, hapana awezaye kumjua jike kwa kuutazama mche, mpaka utoe maua baada ya miaka mingi. Ndipo mafundi walipoitumia sanaa ya kubebesha: hukata kikonyo cha mti ujulikanao kuzaa, wakakichonga, wakakiingiza katika ufa wa shina la mche, wakafunga kwa ukanda wa nailoni, ili sehemu hai za mimea miwili zikutane na kushikana. Kisu kikiwa butu, au mkono ukitetemeka, kikonyo hunyauka. Hakika sanaa hii ni tukufu, maana humtaka mtu makini ya sonara na subira ya mcha Mungu kwa wakati mmoja.

Nje ya kitalu iko ibra nyingine. Wakulima wa milima hiyo wamezoea kupanda iliki chini ya miti mikubwa, wakifyeka vichaka na kuacha kivuli. Atazamaye kwa mbali huona msitu umesimama salama. Lakini mwanagenzi apigaye magoti kwa kamba na daftari, akihesabu miche, hugundua kwamba miti mikongwe haina warithi. Hapo huelewa kuwa riziki ya mkulima na uhai wa msitu ni jambo moja, na kwamba msambu, ambao mbegu zake huuzwa pasipo mti kukatwa, una fadhila kwa pande zote mbili. Naye mwanagenzi jioni, akipikia jiko banifu kwa kuni alizozibeba mwenyewe, na kuyarudisha maganda ya ndizi katika shimo la mboji, hujifunza kadiri ya haja zake.

Kwa hiyo nawasihi wenye dhamana ya elimu yetu wasimwondoe mwanagenzi msituni kwa haraka ya kumpa cheti. Wampe walau muda wa kuiona mbegu ya msambu aliyoiatika kwa mkono wake ikichipua. Maana aliyeingojea mbegu moja kwa subira hawezi tena kuuona mti uliokomaa kuwa ni kitu cha kukatwa bila ya tafakuri.