Juu ya Maneno ya Kupanga Kurasa za Gazeti

Kazi ya kuwafundisha vijana uandishi wa magazeti si ngeni katika nchi za Ziwa. Huko Nyegezi, karibu na mji wa Mwanza, chuo cha mafunzo ya jamii kilianza mwaka 1960, na katika chuo hicho kikatokea Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka 1998, ambacho hata leo hufundisha kazi hiyo. Tena magazeti ya Kiswahili yenyewe ni ya zamani zaidi: Msimulizi lilianza kupigwa chapa Kiungani, Unguja, mwaka 1888, na Mambo Leo lilianza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923. Kwa hiyo haifai kudhani ya kuwa lugha yetu haina maneno ya kazi hii. Maneno yapo. Tutakalo ni kuyapima: je, yamwonyesha mwanafunzi kazi ya kila kitu kilichomo katika ukurasa, au yampoteza?

Kwanza tuseme wazi ya kuwa hatuna ugomvi na neno la kigeni kwa sababu ya ugeni wake. Neno chapa lilitoka Bara Hindi. Safu, herufi na tahariri yalitoka kwa Waarabu. Picha lilitoka kwa Waingereza. Yote yamekwisha kuwa wenyeji. Basi neno tulipime kwa kazi yake, wala si kwa asili yake.

Katika maneno haya lililo bora ni kichwa cha habari. Kila mtoto ajua ya kuwa kichwa hukaa juu ya kiwiliwili chake, na ya kuwa kichwa cha mbuzi hakiwekwi juu ya shingo ya kondoo. Mwanafunzi akiandika kichwa chenye jambo lisilokuwamo katika habari yenyewe, mwalimu hana haja ya kusema mengi. Neno lenyewe lamhukumu. Asemaye hedilaini hukosa msaada huo. Vivyo hivyo maelezo ya picha: jina ladai picha ielezwe, yaani ni nani, ni wapi, ni lini. Mtu akiandika chini ya picha ya mtumbwi ya kuwa huu ni mtumbwi, hajaeleza kitu, maana macho ya msomaji yalikwisha kuona.

Lakini liko neno ambalo hatuwezi kulikubali. Walimu wengine huiita aya ya kwanza ya habari utangulizi. Neno hili mwanafunzi amelizoea katika insha za shule, na katika insha utangulizi ni mlango tu. Jambo lenyewe li ndani. Gazeti lataka kinyume chake. Tutoe mfano wa kwetu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, kikitoka Bugolora katika kisiwa cha Ukerewe, na watu 228 wakafa. Mwanafunzi aliyeagizwa kuandika utangulizi wa habari kama hiyo huenda akaanza na ukubwa wa Ziwa, kisha desturi ya watu wa visiwani ya kuvuka kwenda gulioni, na msiba wenyewe akauweka katika aya ya tano. Habari yafika kwa msanifu wa kurasa, naye ana nafasi ndogo, kwa kuwa tangazo limekula nusu ya ukurasa. Desturi ya kazi yake ni kukata kutoka chini. Basi akata, na katika zile aya za mwisho pengine ndimo yalimoandikwa mahali ambapo jamaa waende kuwatambua maiti wao. Neno moja lisilofaa darasani laweza kumnyima mtu aliyefiwa habari aliyoitafuta kuliko zote. Sisi twapendekeza aya kuu, kwa kuwa jina hilo laonyesha cheo chake: ndiyo itakayobaki hata zote nyingine zikikatwa.

Neno safu nalo lina kasoro, ingawa ni zuri. Limebebeshwa mizigo miwili. Twasema ukurasa wenye safu tano, yaani maandishi yaliyopangwa katika njia tano kutoka juu hata chini. Tena twasema mwandishi wa safu, yaani mtu mwenye makala yake katika kila toleo. Mhariri akimwambia mwanafunzi, "Safu yako ni ndefu mno," apunguze nini? Dawa yake si kuunda neno jipya. Yatosha kusema safu ya maandishi pale tunaponena juu ya ukurasa, na makala ya kila toleo pale tunaponena juu ya mwandishi.

Na tukiisha kutaja safu ya maandishi, hatuna budi kutaja upana wake. Kiswahili hubeba mtendaji, wakati na tendo katika neno moja, kama vile hawakuwaokoa au watakapowasili. Safu ikiwa nyembamba, maneno ya namna hiyo hayaenei mwishoni mwa mstari, nayo hukatwa kwa kistari. Programu ya kompyuta ikiachwa ifuate kanuni za Kiingereza, yaweza kutuandikia kuan-dikwa, na msomaji akajikwaa. Silabi ya Kiswahili karibu siku zote huishia kwa vokali, na nd haigawanywi. Kwa hiyo yafaa kuandi-kwa. Hapa msanifu asiyejua sarufi ya lugha yake hana wa kumsaidia, hata awe fundi namna gani wa mashine.

Wengi wa wasomaji wetu wana gazeti la ukutani katika shule zao. Twawashauri wajaribu jambo hili moja: wamwambie kila mwanafunzi ataje kwa Kiswahili sehemu zote za ukurasa mmoja, yaani jina la gazeti, kichwa, aya kuu, safu, picha na maelezo yake, pambizo, kisha kwa kila sehemu aseme kazi yake kwa msomaji. Atakayetaja jina na kushindwa kutaja kazi, huyo bado hajajifunza neno.