Kivuli cha Mstari kwenye Heller ya Tabora

Sarafu ya heller 20 iliyokuwa ikiuzwa sokoni Kimironko, Kigali, ilikuwa na mistari miwili, mmoja upande wa taji na mwingine upande wa thamani. Muuzaji aliiita yote miwili "alama za kiwandani" na bei akaipandisha. Nusu ya maneno yake ilikuwa kweli, na ndiyo maana yalihitaji kuchunguzwa badala ya kuchekwa.

Sarafu hiyo si mgeni Kigali. Ilipigwa mwaka 1916, wakati Rwanda ilikuwa bado sehemu ya Afrika Mashariki ya Wajerumani. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, heller zilitoka Ujerumani: zenye herufi A zilipigwa Berlin, zenye J Hamburg. Manowari za Waingereza zilipoziba bahari, Wajerumani wakageuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha fedha, wakaweka herufi T. Waliyeyusha shaba waliyoipata, yakiwemo maganda ya risasi. Mihuri ya kupigia ilichongwa hukohuko bara, wala haikufanana: kuna heller 20 zenye taji kubwa na zenye taji dogo, na ncha za herufi L kwenye neno HELLER hazilingani. Kwa hiyo mtu akisema sarafu ya Tabora ina kasoro ya kuzaliwa nayo, inawezekana kabisa.

Kanuni yenyewe ni fupi. Muhuri ni kinyume cha sarafu, hivyo kilichochimbika kwenye muhuri hutokea kimeinuka kwenye sarafu. Ufa wa muhuri, mtelezo wa patasi ya mchongaji, michirizi ya msasa: yote huacha tuta. Kisu, ufunguo au changarawe vilivyoikuta sarafu baadaye huacha mfereji.

Kazi ni kulitambua tuta, maana chini ya lenzi jicho hudanganyika kirahisi na kuona shimo palipo na mwinuko. Kidole nacho hakitoshi, kwa sababu mkwaruzo husukuma shaba pembeni na kuacha midomo miwili inayokwaruza ngozi. Dawa ni mwanga wa ubavuni. Jikinge na taa ya juu, washa tochi ya simu, ilaze karibu sawa na uso wa sarafu. Usiuangalie mstari kwanza. Angalia herufi, kwa kuwa unajua fika kwamba herufi imeinuka: upande unaoelekea tochi unang'aa, upande wa pili una kivuli. Sasa hamia kwenye mstari. Ukifuata mpangilio uleule, umeinuka. Ukipindua, giza likakaa upande wa tochi na mng'ao upande wa pili, umezama. Zungusha sarafu uone kama jibu linabaki lilelile.

Mstari wa upande wa thamani ulifuata mpangilio wa herufi. Ulikuwa mwembamba, wenye kupindapinda, ukitoka ukingoni na kupita juu ya jani la shada bila kukatika. Huo ni ufa wa muhuri, na sarafu zote zilizopigwa na muhuri huo baada ya kupasuka zitauonyesha mahali palepale. Mstari wa kwenye taji ulipindua kivuli, ukaruka mabonde ya taji na kuonekana tena kwenye vilele, midomo yake miwili ikiwa wazi. Mkwaruzo, basi.

Muuzaji akajitetea: mbona una rangi ileile ya kahawia? Rangi inaeleza umri, haielezi asili. Mkwaruzo wa mwaka 1920 umepata miaka zaidi ya mia ya kuiva.

Michirizi midogomidogo, ya sambamba, ndiyo huwachanganya hata wazoefu. Muhuri ukisuguliwa kwa msasa, michirizi hubaki kwenye uwanja wake tu, kwani herufi zimo ndani ya mashimo ambako msasa haufiki. Kwenye sarafu, basi, itafika hadi mguuni pa herufi na kukomea hapo. Mtu akiisugua sarafu yenyewe kwa ndimu na mchanga (uharibifu ambao bado unaitwa usafi) hali huwa kinyume: michirizi hupanda juu ya herufi, na kipembe cha mguuni hubaki na weusi wake.

Kuna aina moja ya mstari uliozama ambao si kosa la mwenye sarafu. Kisahani cha shaba kingeweza kuwa na mchirizi kabla hakijapigwa. Mgandamizo wa muhuri huufuta palipobanwa sana, lakini hubaki hafifu kwenye sehemu za juu kabisa za picha, ambako shaba haikujaa vizuri. Hauna midomo pembeni, na kingo zake zimelainika. Hapo kulinganisha na picha za sarafu nyingine za muhuri uleule hakusaidii, kwa kuwa kasoro ilikuwa ya kisahani kile kimoja.