Protini zilichujwa kwa damu isiyofaa

Kosa lilifanyika kwenye chujio, kabla kipimo hakijatengenezwa. Watafiti wa taasisi ya IDRI, Seattle, waliposaka protini za Mycobacterium leprae, bakteria wa ukoma, za kutambulisha ugonjwa mapema, walizipitisha kwenye seramu ya wagonjwa wa lepromatasi. Protini iliyoshikwa na kingamwili ikapita, isiyoshikwa ikaachwa. Ndivyo tulivyopata LID-1, muungano wa ML0405 na ML2331, na baadaye NDO-LID, iliyoongezewa sukari bandia inayoiga PGL-I, mafuta yenye sukari ya bakteria huyo.

Tazameni chujio hilo lilifanya nini. Mgonjwa wa lepromatasi amejaa bakteria. Kingamwili zake zimefurika, huku seli T zake zikiwa kimya mbele ya bakteria hao. Protini iliyochaguliwa kwa damu yake itamtambua yeye na wenzake. Lakini mtu huyo, mwenye vinundu usoni na masikio yaliyovimba, muuguzi yeyote wa Kalemie, mkoani Tanganyika, Kongo, anamjua kwa macho. Anayetushinda ni mgonjwa wa PB, yaani wa bakteria wachache, mwenye baka moja lililofifia, na mtoto anayelala naye chumba kimoja, asiye na dalili hata moja. Hao kingamwili zao ni chache au hazipo kabisa. Habari zao ziko kwenye seli T, na seli T hazikuulizwa. Walitupwa nje siku ya kwanza, na hakuna hesabu ya baadaye iwezayo kuwarudisha.

Kwamba LID-1 iliweza kuonyesha kingamwili miezi 6 hadi 8 kabla ya dalili, ni kazi safi, sikatai; lakini bado ni kingamwili, na hao waliotupwa wanabaki nje.

Watetezi wa chujio hilo husema seramu inahifadhika, seli hai hufa njiani. Kweli, na barabara ya Nyunzu, huko huko Tanganyika, haina huruma. Lakini ugumu wa usafiri uamue umbo la kipimo mwishoni. Usiamue protini mwanzoni. Annemieke Geluk wa Leiden na Kidist Bobosha wa taasisi ya utafiti ya AHRI, Addis Ababa, walionyesha mwaka 2014 kwamba ukanda mmoja wa kupimia unaweza kusoma IP-10, ishara ya seli, pamoja na kingamwili za PGL-I.

Tena Addis Ababa ilikwisha kutuonyesha njia. Mwaka 1972, Tore Godal na wenzake wa AHRI waliweka seli za watu wenye afya mbele ya bakteria wa ukoma. Zaidi ya nusu ya waliokaa karibu na wagonjwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, seli zao ziliitika. Hawakuwa na jenomu. Jenomu ya bakteria huyo, kazi ya Stewart Cole na wenzake, ilitoka 2001. Walikuwa na swali sahihi, na hilo linawaweka juu ya wote waliofuata.

Dharau hii kwa PB ni ya zamani. Mwaka 1998 kamati ya WHO iliruhusu tiba ianze bila hadubini, tukabaki kuhesabu mabaka: hadi matano PB, sita au zaidi MB, yaani wa bakteria wengi. Mwaka 2007 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikatangaza imeshuka chini ya mgonjwa 1 kwa watu 10,000, kana kwamba wastani wa nchi humtibu mtu wa Tanganyika.

Mwaka 2018 WHO ilikiri haina kipimo cha kupendekeza kwa walioambukizwa bila dalili. Chujio lirudiwe, safari hii kwa seli za PB na za jamaa wa nyumbani mwao, na protini isiyoamsha seli hizo isiitwe ya kugundua mapema.