Jina Refu Ubaoni

Katika shule moja ya kutwa karibu na Wote, Makueni, mwalimu wa kemia ameandika ubaoni jina alilolinakili kwenye lebo ya dawa ya mahindi: pirimiphos-methyl. Kidato cha Tatu wanaijua dawa yenyewe. Nyumbani huchanganywa na mahindi makavu kabla ya kutiwa guniani, kuyakinga na dumuzi. Chini ya jina hilo mwalimu anaandika, bila haraka, jina kamili la kikemia, nalo linaenea ubao mzima.

Halisomi bado. Anachukua chaki nyekundu, anakata kwanza kwa maana. Sehemu yake ya diethylamino inapata mistari miwili: di, ethyl, amino. Phosphorothioate, yenye herufi 16, vilevile: phosphoro ya fosforasi, thio ya salfa iliyokalia nafasi ya oksijeni, kisha ate. Haendi mbele mpaka darasa litaje kazi ya kila kipande.

Ndipo anaposhika chaki nyeupe na kukata upya, sasa akifuata mdomo: dai-ii-thai-la-mii-no. Hapa ndipo ninapomvulia kofia. Ile l iliyokuwa mali ya ethyl imehama, ikaanzisha silabi pamoja na a ya amino. Anaizungushia duara, lakini mistari myekundu haifuti. Jicho lione viungo vya molekuli huku sikio likipokea silabi.

Kikamba cha wanafunzi hawa, kama Kiswahili, hupenda silabi iishie kwa irabu, na maneno yake ya asili hayana r. Kwa hiyo fos huvutwa kuwa fosi, na ro kuwa lo. Mwalimu hakemei. Anaanzia mkiani: eit. O-eit. Thai-o-eit, akigonga meza kwenye thai, maana mkazo mkuu uko hapo. Ro-thai-o-eit. Kila silabi mpya inaongezwa mbele, ili ulimi ukishapita ugeni wake uingie njia uliyokwisha kuizoea. Ni bora mno kuliko kuimbisha jina zima kwa kelele, kwani anayeanzia mwanzo huishiwa na pumzi penye ugumu.

Msichana wa dawati la nyuma anakwama kwenye ro. Mwalimu anangoja, wala hamtamkii. "Rudi kwenye thai," anamwambia. Anarudi, anakwama, anarudi tena, anapita.

Jina zima likishasomwa, mwalimu anafuta ubao wote na kuwaambia wafungue madaftari. Analitamka mara moja. Wanaliandika kwa kusikia, na anapopita kati ya madawati anatazama kwanza ile thio.